Mhariri wa Picha Aliyefuta Manjano ya Kichanga

Saa mbili na robo asubuhi, Sabuni anaanza siku kwa kulifungia jua nje. Anashusha pazia zito la dirisha, anazima taa ya dari, anafuta skrini kwa kipande cha fulana kuukuu, kisha anakaa kimya dakika mbili, mikono ikiwa magotini. Wenzake wamezoea kumtania kwamba anaiombea kompyuta. Yeye anasubiri tu macho yake yasahau mwanga wa barabarani.

"Jicho lililotoka juani lina uongo," anasema. "Ukianza kazi nalo papo hapo, litakuambia kila picha ni giza. Utaongeza mwanga, utaongeza tena, ukija kushtuka bibi harusi hana pua."

Chumba chake kiko nyuma ya kaunta ya studio, hatua nne kwa tatu, kuta zimepakwa rangi ya kijivu aliyoichagua mwenyewe. Kwenye skrini leo yuko kijana wa mahafali aliyevaa joho jeusi. Sabuni anavuta joho karibu, anasogeza kipanya taratibu, na ndani ya weusi uliokuwa kama shimo zinaanza kujitokeza mikunjo ya kitambaa, uzi wa pindo, kifungo kilicholegea. Kifungo anakiacha. Anasema mama wa kijana atakipenda.

Kushoto kwa kibodi iko simu, uso juu, mlio umepandishwa hadi mwisho. Ni mwezi wa pili inakaa hivyo. Kuna kitabu chenye ukurasa mtupu, ukurasa wa thelathini na moja, na aliyeufanya uwe mtupu ni yeye. Kiwanda cha uchapaji kinataka kurasa za toleo la pili kabla mwezi haujaisha. Simu hiyo ikilia kwa wakati, ukurasa utajaa. Isipolia, wanafunzi mia tatu wengine wataendelea kutazama fremu isiyo na kitu.

Sabuni ana miaka thelathini na minane na watoto watatu. Mumewe ni fundi wa viti vya kochi. Alipoajiriwa hapa miaka kumi na moja iliyopita, kazi yake ilikuwa kuandika majina ya wateja kwenye bahasha. Mhariri wa picha wa wakati huo aliondoka bila kuaga, na bosi akamwambia akalie kiti siku mbili mpaka apatikane mtu.

"Huyo mtu hajapatikana mpaka leo," anasema, na anacheka peke yake.

Analipwa kwa kichwa. Kwa siku ya kawaida huhariri nyuso sitini hadi sabini, na miezi ya harusi huvuka tisini. Miezi hiyo kodi ya nyumba hula theluthi ya kipato chake na karo za watoto hupatikana bila kelele. Miezi minne ya mwaka, watu wasipooa wala kuhitimu, kipato hushuka hadi nusu, na kochi za mumewe ndizo huvusha nyumba.

Jina la Sabuni alipewa na maharusi. Chunusi, kovu, weusi wa chini ya macho, jasho la ukumbini, vyote vilikuwa vikitoka mikononi mwake bila alama, basi wakawa wanaambizana mpeleke kwa Sabuni. Bwana mmoja alimtaka amwondoe shemeji yake mzima mzima kwenye picha ya familia. Sabuni alimwondoa, ila mkono wa shemeji ukabaki begani kwa bwana yule. Alipolalamika, aliambiwa mkono nao ni kichwa kingine, una bei yake.

Ili kuzimudu nyuso tisini kwa siku, alijitengenezea kile anachokiita mapishi. Ni mfululizo wa hatua uliohifadhiwa ndani ya programu: ondoa rangi ya taa, lainisha ngozi, pandisha mwanga wa uso, safisha weupe wa macho. Anabonyeza mara moja, kompyuta inapitia folda nzima, na yeye anakwenda kula. Diski ya studio ilikuwa imejaa siku zote, kwa hiyo mapishi yalihifadhi kila picha juu ya ile ya zamani. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kurudi kudai chunusi yake.

Mwaka jana akaja Mkufunzi.

Ni mkunga wa miaka hamsini na saba, anafundisha wauguzi katika kituo cha afya kilicho dakika kumi na mbili kwa miguu kutoka studio. Kwa miaka sita, kwa ridhaa ya wagonjwa, alikuwa akipiga picha za jinsi magonjwa yanavyoonekana kwenye ngozi nyeusi. Vitabu alivyofundishia vilijaa ngozi nyeupe, na wanafunzi wake walikuwa wakitafuta wekundu ambao kwa wagonjwa wao haupo. Alikuwa na picha arobaini na nane kwenye kidude cha kuhifadhia faili, nyingi zina giza, na alitaka zitengenezwe ziingie kitabuni. Malipo yalikuwa karibu sawa na mwezi mzima mzuri wa harusi.

Sabuni alikichomeka kile kidude kwenye kompyuta, akabonyeza mapishi, akaenda kula.

Jioni ile Mkufunzi alikaa kwenye kiti cha pili cha chumba hicho, chenye mguu uliofungwa waya, akaonyeshwa kazi. Alitazama picha ya kwanza, ya pili, ya tano. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, na Sabuni, aliyedhani ni furaha, akacheka naye.

"Mwanangu, umewaponya wote," Mkufunzi alisema. "Hii hospitali tuifunge."

Upele wa utitiri ulikuwa umetoweka katikati ya vidole. Surua ilikuwa imekwisha. Mzee mwenye mba wa mgongoni alikuwa na mgongo wa bibi harusi. Kisha ikafika picha ya kichanga wa siku nne, macho wazi, weupe wa macho unang'aa kama sahani mpya, na Mkufunzi akaacha kucheka.

Alimuuliza Sabuni amefanya nini hapo. Sabuni akamweleza, tena kwa kujiamini, kwamba taa ya wodi ilikuwa imemwagia picha nzima rangi ya njano, naye ameitoa.

"Haikuwa taa," Mkufunzi alisema. "Lilikuwa ini lake."

Sabuni anasimulia hayo bila kujificha. Anasema kitu cha kwanza alichofanya ni kutafuta picha za awali, ambazo alijua fika hazipo. Kadi ya kamera ya Mkufunzi ilikuwa bado na arobaini na moja. Saba zilikuwa zimefutwa zamani kupisha nyingine. Sita kati ya hizo ni magonjwa yanayokuja kituoni kila wiki, yangepigwa tena. Ya saba ilikuwa ya yule kichanga mwenye ugonjwa wa manjano.

Kwa nini asiirudishe tu? Swali hilo aliulizwa na kila mtu, kuanzia bosi hadi mumewe, na sasa analo jibu analolitoa bila kupumua.

"Picha ni ngazi," anasema. "Chini kabisa kuna weusi, juu kabisa kuna weupe, na katikati vidato mia mbili na hamsini na kitu. Picha yote unayoiona inakaa kwenye hivyo vidato. Ukipandisha mwanga kwa pupa, vidato vya juu vinagonga dari. Vitano vinakuwa kimoja. Vikishakuwa kimoja, hata uishushe ngazi, vile vingine havirudi. Unashusha weupe mtupu."

Macho ya kichanga yalikuwa yamegonga dari. Kila nukta ilikuwa nyeupe sawa na mwenzake, na hakuna chombo kinachoweza kukumbuka ilikuwa ya njano kiasi gani. Upande wa chini nako kuna adhabu yake: ukivuta sana vivuli vya faili lililokwisha kubanwa lipungue ukubwa, vidato vinaachana, na shavu lililokuwa laini linatoka mistari mistari.

Bosi alikuwa na ushauri mfupi. Alimwambia apake manjano upya, nani atajua.

Na Sabuni alipaka. Hilo nalo anakiri. Mchana mmoja alikaa saa nzima akimpaka kichanga manjano kwenye macho, kwenye fizi, kwenye paji la uso, na ikatoka picha nzuri kuliko ile ya kwanza. Aliitazama kwa fahari kidogo, kisha akaifuta.

"Rangi ninayo, mkono ninao. Lakini yale yalikuwa manjano yangu, si ya mtoto," anasema. "Wanafunzi mia tatu wangetoka hapo kwenda wodini kutafuta rangi niliyoibuni mimi mezani. Na mtoto mwenyewe angelala pale, wasimuone."

Zile arobaini na moja wakaanza upya, safari hii wawili. Kwa wiki tatu, Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, Mkufunzi alikuwa akija na miwani yake miwili, anakaa kwenye kiti cha waya, na kidole chake ndicho kilichokuwa kikiongoza kipanya. Acha hapo. Rudi. Hapo umepitiliza. Bosi alinung'unika kwamba mteja hakai jikoni, na Mkufunzi akamjibu kwa upole kwamba yeye si mteja, amekuja kuwarudishia wagonjwa magonjwa yao. Bosi hakurudi tena upande ule.

Wiki hizo tatu ndizo zilizomfundisha kazi yake, Sabuni anasema, baada ya miaka kumi ya kuifanya. Alikuwa akidhani kuhariri ni kuongeza. Surua kwenye ngozi nyeusi ilimfundisha kinyume. Wekundu wake ni wa kubahatisha, na mara nyingi kinachouonyesha ule upele ni vivuli vidogo unavyotupa pembeni yake. Ukipandisha mwanga wa mkono mzima kwa pamoja, ngozi inapanda, kivuli kinapanda, vinakutana, na upele umekwisha. Inabidi ngozi ipande kidato kimoja tu na kivuli kibaki palepale chini, ili nafasi kati yao ionekane.

"Mkono wangu ulikuwa unawasha," anasema. "Kila nikiona kipele, kidole kinakwenda kwenye brashi ya kufutia. Mama Mkufunzi ananipiga kofi la mkono kama mtoto aliyedokoa nyama. Siku ya tatu nikaacha mwenyewe."

Leo hahariri chochote kabla ya kunakili faili la awali mara mbili, moja kwenye diski ya nje na moja nyumbani kwake ndani ya kabati la vyombo. Mapishi ameyafuta. Anahariri nyuso chache zaidi kwa siku, lakini maharusi wamegundua kwamba picha zake sasa zina mashavu yenye umbo na magauni meupe yenye nakshi zinazoonekana, na bei ya kichwa imepanda. Haoni haya kusema kwamba katika mitaa hii hakuna anayemfikia.

Kitabu kilitoka na picha arobaini na saba. Mkufunzi alikataa katakata kuuondoa ukurasa wa thelathini na moja. Uko pale, una fremu, na chini yake pameandikwa kwamba picha ya kichanga mwenye manjano itawekwa. Anasema ndiyo picha anayoihitaji kuliko zote, kwa kuwa kwa mtoto mweusi manjano hujificha, na wauguzi wake huyakosa mpaka yawe yamekomaa.

Wamekubaliana kwamba akipatikana kichanga mwingine, Mkufunzi atampigia Sabuni aje na kamera. Tangu hapo simu hiyo imekuja mara mbili. Mara ya kwanza mama wa mtoto alikataa mwanawe apigwe picha, ni haki yake, na Sabuni akarudi na kamera yake begani. Mara ya pili alichelewa. Alimkuta mtoto ameshawekwa chini ya taa ya matibabu, amezibwa macho kwa kitambaa, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemtoa pale kwa ajili ya kitabu.

Saa nne kasorobo, simu inalia mara ya tatu. Sabuni anasikiliza, anasema neno moja, "Nakuja." Kijana wa mahafali anaachwa na joho nusu jeusi nusu kijivu. Njiani hatembei wala hakimbii, anafanya kitu cha katikati, na mkoba wa kamera unampigapiga kiunoni.

Wodi ya wazazi ina vitanda sita na dirisha moja kubwa. Kichanga ana siku tatu. Mama yake ni msichana wa miaka ishirini na mbili hivi, ameketi kitandani, na mkononi ana fomu ya ridhaa aliyokwisha kuisaini. Pembeni, muuguzi anaandaa taa ya matibabu.

"Una dakika tatu," Mkufunzi anamwambia Sabuni. "Taa ikiwa tayari namlaza. Mtoto hasubiri picha."

Sabuni anazima balbu ya wodi na kufungua pazia lote, jua la asubuhi linaingia kwa ubavu. Anaweka kadi ya kijivu, kipimo chake cha rangi, kando ya kichwa cha mtoto, ili baadaye kompyuta isije ikambishia rangi. Anaipanga kamera ihifadhi faili ghafi, lile lisilobanwa, lenye vidato zaidi ya elfu nne. Kisha anainama, na anagundua tatizo ambalo hakulipangia: mtoto amelala fofofo, na macho yake ndiyo picha yenyewe.

Mkufunzi anasema watoto wenye manjano hulala hivyo. Anamgusa nyayo. Hakuna kitu. Dakika moja imekwenda.

Mama wa kichanga anauliza, kwa sauti ya kuomba radhi, kama dada ataweza kuondoa huo unjano baadaye. Hiyo ndiyo picha ya kwanza ya mwanawe, na bibi yake yuko mbali, ataiona kabla hajamuona mtoto.

"Nitakupa mbili, mdogo wangu," Sabuni anamjibu, jicho likiwa kwenye kamera. "Ya bibi nitaisafisha mpaka ufurahi. Ya kitabu sitaigusa. Lakini niitie huyu bwana afungue macho, mimi hanijui."

Msichana anashuka kitandani. Anapiga magoti, anaweka mdomo karibu na sikio la mwanawe na kumwambia maneno ambayo hayasikiki kwa mtu mwingine. Kope zinatikisika. Jicho moja linafunguka, kisha la pili, na kamera inalia mara nne.

Mkufunzi anambeba mtoto na kumpeleka kwenye taa. Sabuni anakaa sakafuni hapohapo alipokuwa amechuchumaa, anatazama nyuma ya kamera, na anafuta macho kwa mkono wa gauni. Anasema si machozi, ni jua.

Saa tisa alasiri amerudi wodini na bahasha. Ndani kuna picha mbili za mtoto mmoja. Ya kwanza ni ya bibi: mtoto ana rangi ya joto, macho meupe, shavu kama andazi. Ya pili ni ya ukurasa wa thelathini na moja. Sabuni amepandisha kivuli cha chini ya kidevu kwa kidato kimoja, basi. Manjano yapo kwenye macho, yapo kwenye fizi, yanashuka hadi kifuani, hafifu lakini hayana ubishi.

Mama wa kichanga anaisifu ya bibi na kuiweka chini ya mto. Ile ya pili anaishika kwa mikono miwili, anaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Siku tatu namtazama," anasema. "Nilidhani amechukua rangi ya baba yake. Nilifurahi."

Sabuni anamshika bega. Anamwambia kwamba hata yeye, ambaye kazi yake ni kutazama, aliwahi kuyatazama manjano hayohayo na kuyafuta.

"Hicho kitabu wanapewa wauguzi tu?" msichana anauliza.

Mkufunzi na Sabuni wanatazamana, na ni wazi kwamba miezi yote hiyo hakuna kati yao aliyejiuliza hilo. Picha arobaini na nane zimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaopita wodini mara mbili kwa siku. Anayemtazama mtoto saa zote ni mama yake.

Wiki moja baadaye, mtoto ameruhusiwa kwenda nyumbani akiwa mzima, na kurasa za toleo la pili zimeshafika kiwandani, thelathini na moja ikiwemo. Sabuni yuko kwenye kiti chake na ana karatasi kubwa aliyoikunja mara nne. Ni mchoro wa bango: picha sita, maneno machache, la kubandikwa kando ya kila kitanda cha wazazi, usawa wa macho ya mtu aliyelala. Amemwomba bosi Jumamosi mchana awe huru kulitengeneza, na bosi amekubali kwa masharti ambayo Sabuni anasema hana mpango wa kuyatimiza. Mkufunzi anatafuta pa kuchapishia. Wanataka nakala mia moja kwa kuanzia, na Sabuni ana hakika zitapatikana.

Picha tano bado zinachaguliwa. Ya sita, ya kichanga yule, haina mjadala, mama yake ametoa ridhaa kwa maandishi, na kabla ya kuondoka wodini alimwita Sabuni pembeni ahakikishe ameeleweka.

"Muweke wangu juu kabisa, dada," alisema. "Ili mwenzangu akimshika wa kwake, ajue pa kutazama."